Blanketi la Viraka: Kazi ya Mkono kwa Siku za Likizo



Kila Desemba kuna wanaosafiri na kuna wanaobaki. Nauli imepandishwa, ng'ombe hana wa kumkamua, kuna mgonjwa asiyeweza kuachwa, au basi pesa zimewekewa karo ya Januari. Watoto wako nyumbani. Mikutano ya kikundi imefungwa mpaka mwaka mpya. Sikukuu yenyewe ikipita, zinafuata siku kumi hivi ambazo hakuna anayemsukuma mtu. Siku kama hizo zinafaa sana kwa kazi tutakayoieleza katika toleo hili, yaani kushona blanketi la viraka. Wengine huliita kwilti kwa kufuata Kiingereza, na kamusi zina neno mfarishi. Sisi tutasema blanketi la viraka, maana hilo kila mtu ataelewa bila kuuliza.

Nimechagua jambo hili kwa sababu ya swali moja. Ukionyesha kikundi blanketi la namna hii likiwa limekamilika, hata kabla hawajaligusa, mtu atauliza: "Hii tunaweza kuuza pesa ngapi?" Swali ni zuri na tutalijibu hapo mbele kwa hesabu. Lakini nasema mapema, ili mtu asichukue mkopo wa cherehani kabla ya kumaliza kusoma: blanketi la kwanza ni la kitanda chako. Pengine na la pili. Mwezi wa Julai kule Kinangop, Limuru au Molo baridi haina mchezo, na ziko nyumba ambamo watoto watatu wanavutana blanketi moja lililochakaa usiku kucha. Huku sokoni, fundi wa nguo anachoma gunia zima la vipande alivyokata pembeni. Mambo haya mawili yanaweza kukutana bila kikundi kutoa pesa nyingi. Ukianza Desemba, Julai itakukuta tayari.

Kwa nini linaleta joto

Blanketi la viraka lina tabaka tatu. Juu kuna kitambaa kilichounganishwa kwa vipande, hicho ndicho watu wanachokiona na kukisifu. Chini kuna bitana, kama ile ya koti. Katikati kuna ujazo, na hapa ndipo kazi yote ya joto inafanyika. Tabaka hizo hushonwa pamoja, sindano ikipita kutoka juu mpaka chini, ili ujazo usitembee.

Watu wengi hufikiri kitambaa kinatoa joto. Hakitoi. Joto ni la mwili wako mwenyewe, na linapotea kwa sababu hewa iliyo karibu na ngozi ikishapata moto huondoka na hewa baridi inachukua nafasi yake. Pamba, sufu na blanketi kuukuu vina nafasi ndogo ndogo nyingi ambamo hewa inakwama. Hewa iliyokwama haibebi joto haraka. Ndiyo sababu shuka mbili nyepesi zenye kitu chororo katikati zinashinda shuka moja nzito. Na ndiyo sababu ujazo ulioloa au ulioshikana mabonge hausaidii, maana hewa imeshafukuzwa. Kumbuka jambo hili utakapofika mahali pa kushona. Mistari ikiwa michache mno, ujazo utateremka wote miguuni. Ikibanana kila mahali, utakuwa umeikamua hewa yote na kubaki na mkeka.

Vitambaa vinatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni fundi. Zungumza naye mwezi mmoja mbele, umpelekee gunia safi, umwambie akuwekee vipande badala ya kuvichoma. Wengi hutoa bure, wengine wataomba kitu kidogo. Anayeshona sare za shule atakuwa na rangi chache lakini kitambaa imara. Anayeshona vitenge atakupa rangi za kupendeza. Chanzo cha pili ni nguo za nyumbani zilizochakaa. Shati huchakaa kola na viwiko, lakini mgongo wake mara nyingi bado ni mzima. Suruali hutoboka magoti na makalio, lakini nyuma ya ndama na chini ya mfuko kitambaa ni kama kipya. Chanzo cha tatu ni mitumba ya bei ya mwisho, siku ya soko jioni, wakati muuzaji hataki kubeba mzigo kurudi.

Usichanganye ovyo. Kitambaa kizito cha jinzi kikishonwa pembeni ya kitambaa chepesi cha blauzi, kile chepesi kitapasuka kwenye mshono baada ya kufuliwa mara chache. Weka vizito pamoja na vyepesi pamoja, ufanye mablanketi mawili ikibidi. Vitambaa vya nailoni na vile vinavyoteleza viweke kando. Vinasumbua kukata, na vikipata cheche huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Nyumba nyingi bado zinatumia koroboi na jiko la makaa, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Kujaribu ni rahisi: vuta uzi mmoja wa kitambaa, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo nyingine. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni hujikunja na kuacha kijipunje kigumu.

Kisha fua kila kitu kabla ya kukata. Kila kitu, hata kile kinachoonekana kipya. Pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, na kipande kimoja kikirudi ndani ya blanketi lililokwisha kushonwa, kitavuta jirani zake na kukunja sura yote. Kitambaa chekundu au cha buluu iliyokoza kifungie ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa, ukikamue pamoja. Cheupe kikipata doa, fua tena mpaka kiache kutoa rangi, au ukitoe kabisa.

Kuna nguo moja ya kuzungumzia kwa upole, nayo ni nguo ya marehemu. Kwa jamii nyingine nguo za aliyefariki hugawanywa kwa utaratibu, na kwingine haziguswi mpaka muda fulani upite. Mjane akitaka kushona mashati ya mumewe kuwa blanketi la watoto, ni jambo la maana sana, lakini kwanza azungumze na wazee wa nyumba. Asije akaanzisha kesi kwa sindano.

Vipimo na hesabu yake

Kwa anayeanza, kata miraba. Nyota, maua na pembetatu za kupendeza zitangoja mwaka ujao. Chukua kadibodi ya boksi la sabuni, ukate mraba wa sentimita 17 kila upande. Hicho ndicho kipimo chako, na watu wote wa kikundi watumie nakala ya kadibodi ile ile, maana milimita mbili za kosa ukizizidisha mara kumi ni sentimita mbili. Kadibodi ikilegea pembe, tengeneza nyingine. Weka kadibodi ikifuata nyuzi za kitambaa, si mshazari. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika kama mpira na miraba yako haitakutana.

Kwa nini 17? Kila upande utapoteza sentimita 1 kwenye mshono, kwa hiyo mraba ukishashonwa unabaki na sentimita 15. Miraba 10 kwa upana na 14 kwa urefu inakupa blanketi la sentimita 150 kwa 210, linalotosha mtu mzima. Jumla ni miraba 140.

Mtu atasema, "Mimi nina vipande vidogo, nitakata sentimita 12." Inawezekana, lakini angalia. Mraba wa 12 unabaki 10. Ili upate sentimita 150 kwa 200 unahitaji miraba 300, na mishono yote ukiiunganisha ina urefu wa mita 56 na nusu. Kwa miraba mikubwa ile 140, mishono ni kama mita 38. Tena miraba midogo inakula kitambaa zaidi: karibu thuluthi moja ya ulichokata kitafichwa ndani ya mishono, wakati kwa mikubwa ni kidogo zaidi ya moja ya tano. Basi vipande vidogo viwekee mto au kishikio cha sufuria.

Jipime pia wakati. Shona mita moja kwa mkono huku ukitazama saa. Kama imekuchukua dakika 20, mita 38 ni saa 12 na dakika 40. Kwa siku kumi za likizo, hiyo ni kama saa moja na robo kila siku, baada ya kukamua na kabla ya kupika. Si kazi ya kuua mtu.

Kushona kwenyewe

Panga miraba yote kwenye mkeka au kitandani kabla ya kushona hata mmoja. Hapa waite watoto. Wana jicho la rangi kuliko sisi, na hawaogopi. Vitambaa vya giza na vya mwanga vikipishana, hata sare za shule zitapendeza. Rudi nyuma hatua kadhaa, ukunje macho kidogo, utaona mahali ambapo rangi moja imerundikana. Mkisharidhika, shona mstari mmoja mmoja. Okota miraba 10 ya mstari wa kwanza, uifunge kwa uzi na kikaratasi chenye nambari, kisha wa pili, mpaka wa 14. Bila nambari, kuku au mtoto akipita hapo umeanza upya.

Weka miraba miwili uso kwa uso, upinde sentimita 1, ushone kwa mishono midogo, na kila baada ya mishono michache rudi nyuma mmoja ili uzi ushike. Uzi usizidi urefu wa mkono wako kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole, na kidogo. Mrefu unafanya fundo na kuchosha bega. Nyanya ambaye macho yake hayaoni tundu la sindano apewe mtoto wa kumtungia sindano kumi asubuhi, azichomeke kwenye kitambaa, na ataendelea mpaka jioni bila kuomba msaada. Mwenye cherehani aitumie bila aibu. Hakuna sheria inayosema lazima iwe kwa mkono.

Mistari yote 14 ikiwa tayari, iunganishe, ukihakikisha mishono ya mstari wa juu inakutana na ya chini. Ikipishana kidogo usifumue, blanketi halitajua. Piga pasi mishono yote ielekee upande mmoja.

Sasa bitana. Iwe kubwa kuliko uso kwa sentimita 5 kila upande, yaani sentimita 160 kwa 220. Shuka ambayo bado ni imara inafaa sana. Jozi ya leso iliyounganishwa inakaribia kutosha, ila pima kwanza. Tandaza bitana sakafuni, uso wake ukitazama chini, uivute na kuibana pembe nne kwa mawe. Juu yake weka ujazo.

Kwa ujazo, chaguo langu la kwanza ni blanketi kuukuu lenye matobo. Halitembei, linafulika, na mara nyingi lipo. Matobo uyazibe kwa vipande vya blanketi jingine. La pili ni sweta kuukuu zilizofumuliwa pembeni na kutandazwa. Ziungane kingo kwa kingo bila kulaliana, la sivyo utalala juu ya matuta. La tatu ni pamba. Hiyo ni nyepesi na ina joto, lakini inataka mistari ya kushona iliyo karibu, si zaidi ya sentimita 10, na ukiifua vibaya inashikana mabonge. Vipande vya sponji na karatasi za nailoni sivipendi hata kidogo. Vya kwanza vinashika moto haraka, vya pili vinakulowesha jasho.

Juu ya ujazo tandaza uso, kisha piga bandi kwa mishono mirefu kuanzia katikati kwenda kila upande kama miale ya jua. Ukianza pembeni, kitambaa chote cha ziada kitakusanyika katikati kama tumbo. Bandi ikishika, ndipo unashona tabaka zote tatu. Anayeanza afuate mishono ya miraba, sentimita moja pembeni yake, hapo mkono haupotei. Kama ujazo ni blanketi kuukuu na muda ni mfupi, unaweza kufunga mafundo tu. Chukua uzi mnene, upitishe kutoka juu hadi chini na kurudi, ufunge fundo mara mbili kwenye kila pembe ya miraba. Linashika vizuri, na mtu asikudharau kwa sababu hiyo.

Mwisho, kingo. Zile sentimita 5 za bitana zilizobaki zikunje mara mbili kuja juu ya uso na uzishonee chini. Umepata pindo bila kununua utepe. Toa uzi wa bandi. Kwisha.

Kijiji kilichopitia swali letu

Hebu twende Marekani kidogo, kwa sababu kuna kijiji kule kilichojua blanketi la viraka la kitandani na lile la sokoni, yote mawili.

Kinaitwa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, mahali ambapo mto umejipinda na kuzunguka ardhi pande tatu. Wakazi wake wengi ni vizazi vya watumwa waliolima pamba pale pale, na wengi wao wana jina la Pettway, jina la mwenye shamba wa zamani. Utumwa ulipokwisha walibaki wakilima kwa kugawana mavuno, na deni la duka halikuisha. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na familia yake ikadai deni. Mifugo, majembe na chakula vilibebwa. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na upepo ulizibwa kwa magazeti yaliyobandikwa ukutani. Akina mama walishona mablanketi kwa suruali za kazi zilizochanika na magunia ya unga na mbolea, ujazo ukiwa pamba ya masalio. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za kazi na kuzishona blanketi, ili alale chini ya kumbukumbu yake. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia, ndiye aliyesimulia habari hiyo miaka mingi baadaye.

Mwishoni mwa 1965, wakati watu weusi wa kusini walipokuwa wakipigania haki ya kupiga kura na wengine wakifukuzwa kwenye nyumba na kazi kwa sababu hiyo, kasisi mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, aliona mablanketi hayo yameanikwa kwenye kamba. Mwaka 1966 akina mama wa eneo hilo walianzisha chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee. Mablanketi yao yalinadiwa New York, na maduka makubwa yakaanza kuagiza. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupata mshahara ulio nje ya shamba la mtu mwingine. Tusidharau hilo.

Lakini angalia soko lilitaka nini. Lilitaka kila kimoja kiwe sawa na kingine: kipimo kile kile, mchoro ule ule, mshono ule ule. Uhuru wa mama kutazama vipande vyake na kuamua mwenyewe haukuwa na nafasi pale. Vipande vilivyobaki vya ile kazi ya foronya vilipelekwa nyumbani, na usiku akina mama wakashona mablanketi yao kama walivyopenda. Na mwaka 2002, jumba la makumbusho ya sanaa la Houston lilipofanya maonyesho ya mablanketi ya Gee's Bend, kisha yakapelekwa New York, watu walimiminika kutazama yale yaliyoshonwa kwa ajili ya vitanda vya nyumbani, ya suruali za kazi na masalio. Mwaka 2006 posta ya Marekani iliyatoa kumi kati yake kwenye stempu. Chama chenyewe cha ushirika kilifungwa mwaka 2012.

Sifa nazo zilileta maneno. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakilalamikia malipo na matumizi ya michoro yao, na mambo yakamalizwa mwaka uliofuata. Sitaki kuamua nani alikuwa sahihi. Nataka tu mwekahazina na katibu wa kikundi waliosoma mpaka hapa wajue kwamba hata kitu kilichoanza na suruali kuukuu kinahitaji mapatano ya maandishi siku kinapoanza kuwa na thamani.

Basi tunaweza kuuza?

Tufanye hesabu. Nambari hizi ni za kufundishia tu, nyinyi wekeni bei za soko lenu. Tuseme bitana ni shilingi 900, ujazo 600, uzi 200, sabuni na nauli ya kwenda kutafuta vipande 100. Jumla ni 1,800. Saa za kazi: kukata na kupanga 4, kuunganisha 13, bandi 2, kushona tabaka 18, kingo 3. Jumla ni saa 40. Mmepata mteja wa shilingi 3,000, mkashangilia. Toa gharama, inabaki 1,200. Gawanya kwa saa 40, ni shilingi 30 kwa saa. Siku nzima ya saa nane ni shilingi 240. Sasa mlinganishe na kibarua cha kuchuma chai au kupalilia hapo kwenu, mseme wenyewe kama mmeuza au mmempa mteja zawadi.

Vikundi vingi huacha saa za kazi nje ya hesabu kwa sababu ni "kazi ya akina mama jioni". Hapo ndipo faida ya karatasi inapotokea. Mimi sikatai biashara. Nasema muingie mkijua. Kikundi kilicho na bahati ya mteja anayejua thamani ya kazi ya mkono na yuko tayari kulipa mara mbili au tatu ya bei ile, kichukue malipo ya awali ya kutosha bitana na uzi, kiandike ukubwa na tarehe, na kimlipe kila mshonaji kwa kazi aliyoimaliza badala ya kuhudhuria. Vinginevyo ujuzi huu huu unatengeneza vitu vidogo vinavyotoka haraka: foronya za mito ya viti, mikoba ya soko, vishikio vya sufuria. Kitu ambacho mama anakimaliza kwa saa mbili ni rahisi kukijua bei, na ni rahisi kumwambia mteja hapana.

Na kuna hesabu nyingine ambayo kikundi kinaweza kufanya bila mteja yeyote. Wanachama kumi wakikubaliana kushona pamoja, likizo hii kwa nyumba mbili zenye shida zaidi, ya Aprili kwa nyumba nyingine mbili, wataona ni mablanketi mangapi ya duka ambayo hawakuyanunua. Pesa ambayo haikutoka nayo ni pesa, hata kama haiingii kwenye kitabu cha benki. Mzunguko ufuate shida, na nyumba yenye mgonjwa au wazee iwe mbele ya ile ya mwenyekiti.

Kulitunza

Blanketi hili si la mtoto mchanga. Ni zito, na mtoto wa miezi michache hawezi kuliondoa likimfunika uso. Liwe mbali na koroboi na mshumaa wa kando ya kitanda. Kulifua, chagua asubuhi ya jua kali. Liloweke kwenye karai kubwa au pipa lililokatwa, ulikanyage kwa miguu safi badala ya kulisugua, na usilikamue kwa kulisokota. Likiwa limeloa ni zito sana, kwa hiyo ukilitundika kwenye kamba kwa ukingo mmoja mishono itakatika. Litandaze juu ya ua au nyasi safi, uligeuze saa sita. Likikauka hadi ndani, likunje, na kila mara ulikunje mahali tofauti, ili kitambaa kisikatike kwenye mkunjo mmoja.